Mkono Uliohukumiwa Tulizana

Ukiingia nchi ya Tulizana usishtuke ukiona watu wanakuinulia mikono yote miwili kama walioambiwa na askari wasimame. Wanakusalimu. Chande Mfaume hakulijua hilo. Siku yake ya kwanza, alipoona mtaa mzima umemnyooshea viganja, naye akanyoosha vya kwake, akidhani nyuma yake kuna jambazi. Wakampenda hapo hapo. Wakasema, mgeni huyu ana adabu.

Alifikaje huko, tusipoteze muda, alifika. La kujua ni kwamba Chande alikuwa fundi wa viungo vya bandia, miguu ya waliokatwa miguu na mikono ya waliokatwa mikono. Kazi alifundishwa na mjomba wake, marehemu Mzee Hatibu, na pamoja na kazi alirithishwa sharti moja la karakana yao. Kabla mteja hajavishwa kiungo, fundi huketi naye uso kwa uso akamtajia yote ambayo kiungo hicho hakiwezi. Mkono huu hautashika kikombe cha moto. Mkono huu hautafunga kifungo. Mkono huu hautajua kama mtoto ana homa. Mteja hulia, fundi hungoja, kisha ndipo mikanda inafungwa. Mjomba alikiita kikao hicho kutaja, na miaka yote ya uhai wake hakuna hata kidole kilichotoka mlangoni bila kutajwa.

Sasa turudi kwenye viganja. Katika Tulizana kila aliyejiweza alikuwa na gari liitwalo Dereva Kamili, la Kampuni ya Mwendo Mwanana. Gari hilo lilifuata mistari ya barabara lenyewe, likapunguza mwendo lenyewe, likapinda lenyewe, mara nyingi. Hayo maneno mawili ya mwisho hayakuandikwa kwenye bango lolote. Kwenye mabango alichorwa baba wa familia amelaza kichwa, viganja vyote viwili viko nje ya dirisha vinapigwa upepo, na chini yake: PUMZIKA, DEREVA KAMILI YUPO. Basi kuonyesha viganja kukawa ndiyo heshima yenyewe, maana yake mimi si mtu wa kuhangaika. Na tusi kubwa la nchi ile, tusi la kuvunja uchumba, lilikuwa "mshika usukani".

Mtu wa kwanza kumfanya Chande rafiki alikuwa Bwana Fumbwe, msemaji wa Kampuni, mwenye tabasamu ambalo halikwenda mapumziko hata Ijumaa. Ndiye aliyempeleka kutazama Ofisi ya Majina, ambayo wenyeji huionyesha wageni kama kwingine wanavyoonyesha maporomoko ya maji.

Sheria ya majina ya Tulizana ni fupi. Kitu chochote kinaweza kuitwa jina lolote, hata likiwa kubwa kuliko chenyewe, ilimradi kiambatane na kitabu kirefu cha kulikanusha. Kitabu cha Dereva Kamili kilikuwa na kurasa mia nane na arobaini. Ukurasa wa kwanza uliandikwa hivi: "Gari hili si dereva, wala si kamili." Karani aliwaonyesha nakala ya serikali kwa fahari, kisha akairudisha kabatini na kufunga kwa ufunguo.

Siku hiyo kulikuwa na mnunuzi, muuza vitambaa, anakula kiapo. Akaweka kiganja juu ya kitabu, kitabu kikiwa bado ndani ya plastiki yake, akasema, "Nimesoma, nimeelewa." Watu wakampigia makofi.

"Mbona hajakifungua?" Chande akanong'ona.

"Akikifungua atachelewa kuondoka," Fumbwe akajibu. "Halafu plastiki ikichanika, dhamana imekwisha."

"Dhamana ya gari?"

"Ya kitabu, ndugu yangu. Gari halina."

Ndani ya gari lenyewe kulikuwa na jambo moja la kukera. Kila baada ya dakika chache kengele ililia, na sauti ya mama mpole ikasema, "Mkono, tafadhali." Hapo dereva alitakiwa ashike usukani, gari lijue bado yupo na yuko macho. Watu wa Tulizana waliona hiyo ni dharau. Wakaanza kwa kubana chungwa kwenye usukani, chungwa likawa mkono. Kampuni ikatangaza kwa hasira kwamba imelifundisha gari kulitambua chungwa. Wakahamia chupa ya maji, gari likafundishwa chupa. Mwishowe gari likawa linataka vidole vitano na joto la mwili, na nchi nzima ikanuna. Baadhi yao wakarudi kushika usukani, wakafunga mapazia ya madirisha wasionekane.

Hapo ndipo Fumbwe alipoona mkono wa mbao ya mninga ukichungulia kwenye mfuko wa Chande.

"Huo wa nani?"

"Wa yeyote aliyekosa mkono."

"Hapa hakuna aliyekosa," alisema Fumbwe, akiugeuzageuza mkono ule kama mtu anayechagua papai. "Lakini wapo wengi wenye inayowachosha."

Mbele ya duka la Kampuni kulikuwa na bango: MIKONO YA MBAO NI MARUFUKU. Nyuma ya duka kulikuwa na mlango mdogo, na hapo Fumbwe alimwelekeza kila mnunuzi wa gari jipya nyumba anayokaa fundi Chande. Fundi akachimba tundu ndani ya kiganja cha mninga, akatia kichupa cha maji moto, akakizibia kwa nta. Gari likauliza, "Mkono, tafadhali," likapata vidole vitano na joto. Likashukuru.

Mteja wake wa kwanza alikuwa yule muuza vitambaa. Chande alimkalisha chini, kama alivyofundishwa, akaanza kumtajia. Mkono huu hautaona shimo. Mkono huu hautakwepa mtu. Mkono huu hautajua kama umelala.

Muuza vitambaa akasimama. "Fundi, unauza au unatisha watu?" Akaenda zake.

Fumbwe alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, huko kwenu mnauziana hivyo? Anayenunua ndoa huwa anatajiwa mikoromo? Wape mkono, wape tabasamu. Mapungufu wacha yakae kitabuni, ndiko kwao."

Chande alikuwa kijana, na kijana kuchekwa ni kazi nzito kuliko kubeba gogo. Mteja wa pili hakumtajia kitu. Wa tatu vivyo hivyo. Kufikia wa ishirini alishajua kutabasamu bila kufikiri, na jina lake likawa linatamkwa mpaka mikoani. Watu walimwinulia viganja kutoka mbali. Hakuna aliyewahi kumsalimu hivyo alipokuwa anawatengenezea miguu watu wasio na miguu.

Alikuwa amepanga chumba kwa mkunga aitwaye Bi Mkejina, mama wa makamo, mkavu wa maneno, mwenye mikono mikubwa iliyotulia. Katika wilaya ile, ukisikia mtu anaapa kwa mikono, ni ya Mkejina anaapa nayo. Wanawake walisema inatosha aiweke tumboni tu, mtoto aliyekaa vibaya anaona aibu na kugeuka. Chande, ambaye mikono ndiyo ilikuwa kitabu chake, aliitazama kila asubuhi inavyokata mkate, na akakiri moyoni kwamba hajawahi kuchonga kitu cha kukaribia.

Mkejina alikuwa mshika usukani, na hakufunga pazia.

"Mnaniita mnavyotaka," aliwaambia majirani. "Mimi hii mikono inafanya kazi usiku kucha. Mchana haiwezi kujifanya sultani."

Lakini Baraza la Afya la Tulizana lilikaa, likajadili siku tatu, likafikia uamuzi wa busara. Kwa kuwa Dereva Kamili humpumzisha mtu njiani, saa za njiani zihesabiwe kuwa saa za kulala. Mkunga wa zahanati mbili, moja mjini na moja huko Ngama, safari ya saa mbili kwenda na mbili kurudi, alikuwa kwa hesabu ya Baraza analala saa nne kila siku, tena kwenye kiti cha sponji. Likizo zake zikafutwa. Mjumbe mmoja aliuliza kama yupo aliyemwuliza mkunga mwenyewe. Akaambiwa mkunga hakupatikana, yuko njiani, amelala.

Baada ya mwezi Mkejina alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe.

"Fundi," alimwambia Chande asubuhi moja, bila kumwangalia. "Nipimie na mimi."

Chande akachukua uzi. Akapima kiganja, akapima kila kidole kutoka kifundo mpaka ncha, akafunga fundo dogo kila alipofika. Alichonga siku tisa, akausugua kwa mafuta, na ulipokamilika ulikuwa mkono wa Mkejina hasa, wa kulia, mpaka kile kidole gumba kilichopinda kidogo kwa kazi. Mwenyewe aliupokea akauweka kando ya wa kwake.

"Nikisinzia kidogo," akauliza, "utanishikia?"

Swali lilikuwa rahisi, na jibu lake Chande alikuwa nalo tangu akiwa na miaka kumi na minne. Mdomo ukafunguka. Akaona jinsi alivyochoka, akaona jinsi alivyoupenda ule mkono, na zaidi ya yote akaona, Mungu amsamehe, jinsi ulivyokuwa mzuri. Asingependa kuuharibu kwa maneno.

"Mikono yangu haijawahi kulalamikiwa," akasema.

Ilikuwa kweli. Walioweza kulalamika walikuwa bado hawajapata nafasi.

Kule Ngama, msimu wa muhogo, akina mama huanika makopa, vipande vya muhogo uliomenywa, pembezoni mwa lami, maana lami hushika jua vizuri. Huyapanga kwa mstari mrefu, mweupe, ulionyooka, kazi ya kupendeza macho. Asubuhi moja mama mmoja lami ilimwishia kabla ya makopa kwisha, akapinda na mstari wake kuelekea nyumbani. Gari la Mkejina likaja, yeye akiwa amelala ametoka kuzalisha watatu. Liliona mstari mweupe umepinda, likapinda nao. Lilipita makopa yote bila kukanyaga hata kipande, likavuka uwanja, likatumbukia kwenye korongo la maji ya mvua.

Mkejina alipona. Mkono wake wa kulia ulibanwa kati ya mlango na jiwe, na madaktari wakaukata juu kidogo ya kifundo.

Tulizana ina Baraza la Lawama, na sheria yake inasema lawama hufuata mkono uliokuwa kwenye usukani. Ni sheria ya zamani, ya enzi za mikono ya nyama, na hakuna aliyeona haja ya kuibadilisha. Kwa hiyo siku ya kesi, mkono wa mninga uliletwa umelazwa kwenye sinia, umefunikwa kitambaa cheupe, ukasimamishwa kizimbani kwa kuegemezwa kwenye birika.

Hakimu Mwinyigogo aliusomea shitaka. "Unakiri?"

Mkono ukanyamaza.

"Andika, amekubali," Hakimu akamwambia karani.

Fumbwe akatoa ushahidi wa Kampuni, safari hii na tabasamu dogo la msibani. "Mheshimiwa, gari liliuliza mkono mara arobaini na moja. Mara arobaini na moja likapata mkono. Lingeuliza nini tena? Halafu kitabu, ukurasa wa mia sita na kumi na mbili, kinasema wazi gari halihusiki na mistari ya vyakula."

"Mama aliyeanika makopa je?" aliuliza hakimu wa pili.

"Anadai fidia ya vumbi," karani akajibu.

Chande akasimama huko nyuma.

"Mheshimiwa, mkono huo ni wangu."

Hakimu akamtazama juu ya miwani. "Naiona yote miwili hapo ulipo."

Watu wakacheka.

"Nimeuchonga mimi. Mkunga alikuja amechoka, akaniuliza kama utamshikia. Nilijua hautamshikia. Nikampa jibu la kuuzia."

"Ulikuwa ndani ya gari?"

"Hapana."

"Uligusa usukani?"

"Hapana, lakini..."

"Basi kaa. Unataka lawama ambayo si yako, na humu ndani kuna foleni ya watu wasiotaka hata ya kwao." Akaugeukia mkono, akauhukumu kifungo cha maisha ukutani.

Fumbwe alimpata Chande mlangoni, akamshika bega kwa upole wa kweli. Labda hilo ndilo lililouma zaidi. "Mwanangu, imekwisha vizuri. Mkunga yuko salama kisheria, gari liko salama, wewe uko salama. Unaona nchi ilivyo nzuri? Rudi kazini. Nina wateja kumi na wanane."

Chande hakurudi kazini. Alikwenda hospitali.

Mkejina alikuwa ameketi kitandani, kisiki kimefungwa bandeji, anajaribu kumenya yai kwa mkono wa kushoto. Hakumfukuza, wala hakumkaribisha. Chande akachukua yai akalimenya, akaliweka kwenye sahani.

"Unajua nini, fundi," alisema Mkejina baada ya muda. "Kule garini niliota. Niliota naendesha. Nimeshika usukani kwa mikono yote miwili, barabara inapinda, nami napinda nayo. Nikajiambia, leo sijasinzia kabisa."

Chande akakusanya maganda ya yai.

"Watoto mia nne na zaidi," akasema Mkejina, akitazama kile kisiki. "Wote walianzia hapa." Kisha akageuza uso. "Nitengenezee. Wa kuvaa safari hii. Nisitishe watoto wa watu."

Hapo ndipo Chande alipokumbuka ule uzi wenye mafundo. Alishauchoma siku ile ile mkono ulipokamilika, kama alivyofanya kwa wateja wote wa Tulizana. Wenye mikono yao hawarudi kupima mara ya pili. Na mkono wenyewe wa Mkejina ulikwishazikwa na hospitali. Duniani vilibaki vipimo vyake mahali pamoja tu.

Ukuta wa Hukumu uko nyuma ya Baraza, mrefu kama uwanja wa mpira, na mikono imening'inizwa juu yake kwa safu, kila mmoja na namba. Serikali inajivunia ukuta huo. Ripoti ya mwaka husema Tulizana haijawahi kuwa na dereva mkosa wala gari kosefu, na kwa kuutazama ule ukuta utaamini. Mlinzi alikuwa bibi mmoja mfupi mwenye daftari.

"Mfungwa hatolewi," akasema. "Kutembelewa ruhusa, kwa ndugu. Wewe ni nani wake?"

Chande akafikiri.

"Baba yake," akasema.

Bibi akaandika: baba. Hakuona ajabu.

Njiani kuelekea namba mia tatu na saba, mkono wa Mkejina, katikati ya kazi za mafundi waliomwiga, Chande alipita mikono kumi na mmoja aliyoijua. Aliijua kwa vidole, kwa makovu ya patasi, kwa nta iliyotoka jasho. Mmoja ulikuwa na pete ya uzi wa kitambaa, wa yule muuza vitambaa; kumbe baadaye alirudi, akapokea wa kwake na tabasamu. Chande hakuwahi kuuliza wateja wake walifika salama. Alidhani kimya chao ni sifa.

Akaufikia ule mkono, akatoa uzi mpya, akapima kiganja na kila kidole, akifunga fundo kila alipofika. Kwenye kidole gumba kilichopinda alirudia mara tatu, maana macho yalikuwa hayaoni vizuri.

Alichonga siku kumi na tano. Kisha akamkalisha Bi Mkejina barazani, uso kwa uso, na mkono ukawa katikati yao juu ya kigoda.

"Kabla hujauvaa," akasema, "kuna kikao. Kwetu kinaitwa kutaja."

"Taja."

"Mkono huu hautashika kikombe cha moto. Hautafunga kifungo. Hautamenya yai." Akaugeuza mkono kiganja juu. "Hautajua mtoto amekaaje tumboni. Hautampokea. Usiku ule wa zamani utauma pale ambapo haupo, na hutaweza kuupapasa. Hautakushikia kitu chochote ukilala."

Mkejina hakulia. Aliutazama mkono, akamtazama fundi.

"Kumbe unayajua haya yote," akasema.

"Nayajua."

"Ulikuwa unayajua na siku ile."

"Nilikuwa nayajua."

Akamtazama kuku wa jirani mpaka akapita baraza nzima. Kisha akanyoosha kisiki.

"Haya. Nifunge."

Kesho yake Mkejina alitaka kwenda Ngama, kuwaaga wakunga wenzake. Chande aliazima gari, akakaa kwenye kiti cha mbele, akashika usukani kwa mikono yote miwili, mapazia wazi. "Mkono, tafadhali," gari likasema. "Upo," akajibu, ingawa gari halikuhitaji jibu. Mjini vijana waliwapigia miluzi. "Mshika usukani wee." Akaendesha.

Walipofika kwenye korongo, wale akina mama walikuwa wanaanika makopa. Walitambua gari limembeba nani, wakaacha kazi, wakasimama kando ya lami na kuinua viganja vyote, heshima kubwa ya Tulizana. Chande hakuinua vya kwake. Pale palikuwa na kona.

Mkejina aliinua wa kushoto. Ukakaa hewani peke yake. Akaushusha, na kwa kuwa kisiki kilikuwa bado hakijauzoea uzito, akauchukua ule wa mninga mapajani kwa huo mmoja aliobaki nao, akaupandisha mpaka dirishani, akaushikilia hapo mpaka wakapita.